Homa imeshuka, hatari imepanda: jinsi dengue inavyomwangusha mtu wakati anaonekana kupona

Pale Wagenia, kandokando ya maporomoko ya mto Congo, komine ya Kisangani, kila homa ina jina moja. Mtoto akiamka na mwili moto, mama anasema: "Iko malaria." Mvuvi akitoka kwenye mawe mchana huku kichwa kinamuuma na viungo vimelegea, wenzake wanamwambia vilevile. Na mara nyingi hawakosei. Malaria iko Kisangani mwaka mzima, na ni kati ya magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi katika Congo.

Lakini kuna siku kipimo kinatoka bila kitu. Mgonjwa anatobolewa kidole, mstari mmoja tu unaonekana, muuguzi anasema hakuna malaria. Familia inabaki inajiuliza. Wengine wanapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Wengine wanakwenda farmasi ya kona, wananunua vidonge na sindano ya maumivu. Wengine wanaanza kusema ni sumu, ama kuna mtu wa ukoo mwenye roho mbaya. Siku ya nne ama ya tano homa inashuka, mgonjwa anakaa, anaomba maji, na watu wanamshukuru Mungu. Kumbe kuna ugonjwa mmoja ambao, kwa huo, saa ile homa inashuka ndiyo saa ya kumchunga mgonjwa kuliko zote.

Ugonjwa huo ni dengue. Tanzania wanauita kidingapopo, na jina lenyewe lina historia ndefu ya Kiswahili. Mwaka wa 1870, munganga Mwingereza James Christie, aliyekuwa anafanya kazi Zanzibar, aliona homa kubwa ikipita mjini, watu wakishikwa ghafla na maumivu ya viungo. Wazee walimwambia wao waliijua tangu 1823, na kwamba inaitwa kidinga pepo, kana kwamba pepo amemshika mtu na kumkaza. Wengi wanafikiri jina "dengue" ambalo dunia nzima inatumia leo lilitoka huko, likavuka bahari hadi visiwa vya Amerika. Kuna wataalamu wanaosema homa ile ya Zanzibar pengine ilikuwa chikungunya, ndugu yake wa karibu kwa dalili. Hilo tuwaachie wao. Ukweli ni kwamba hizi homa mbili bado zinachanganywa mpaka leo, na zote mbili zinachanganywa na malaria.

Mtu anaweza kusema: hiyo ni mambo ya pwani, huku kwetu msituni haiko. Dar es Salaam kweli ilipata mlipuko mwaka wa 2010, tena 2014, tena 2019, na ule wa 2019 ulishika maelfu ya watu. Mombasa ilipata wa kwake mwaka wa 2013. Lakini Congo haiko nje ya hesabu. Kwa miaka mingi damu za watu walioshukiwa kuwa na homa ya manjano zimekuwa zikitumwa kutoka majimbo mbalimbali mpaka INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba kule Kinshasa. Watafiti walipozirudia damu zilizokusanywa kati ya 2003 na 2012, wakazitafutia virusi vingine, walikuta baadhi ya wagonjwa hao hawakuwa na homa ya manjano hata kidogo: walikuwa na dengue, na wachache walikuwa na chikungunya. Dengue ilikuwa inatembea, ila ilikuwa haina jina. Mwaka wa 2019 chikungunya ikalipuka wazi Kinshasa na Kongo Central. Mbu anayebeba chikungunya ndiye yuleyule anayebeba dengue.

Mbu wa pipa, si mbu wa mto

Huyo mbu si yule wa malaria. Yule wa malaria anauma usiku, ndiyo maana watu wanalala chini ya chandarua. Huyu anaitwa Aedes, ni mweusi mwenye madoa meupe kwenye miguu, na anauma mchana: asubuhi mapema, halafu tena kuelekea jua kuzama. Mtoto anayelala mchana sebuleni bila chandarua, mama anayefua mbele ya nyumba, mvuvi anayesuka vikapo kivulini, hao ndio anaowapata.

Watu wa Wagenia wanaweza kudhani mbu huyo anatoka mtoni, kwa sababu mto uko pale unanguruma mchana na usiku. Hapana. Maji yanayokimbia namna ile hayamfai. Yeye anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo: pipa la akiba, bidoni iliyokatwa juu, pine la zamani nyuma ya nyumba, kopo la maziwa, ganda la nazi, mtumbwi mbovu uliojaa mvua. Na kila mkaaji wa Kisangani anajua kwa nini nyumba zina mapipa. Bomba la Regideso likikauka, ama likiwa halifiki kabisa kwenye avenyu, mtu ataweka wapi maji kama si kwenye pipa?

Mayai yake yana ujanja. Mbu hayaweki juu ya maji, anayabandika kwenye ukuta wa pipa, kidogo juu ya mstari wa maji. Pipa likikauka, mayai yanabaki hai miezi mingi. Likijazwa tena, yanaanguliwa, na baada ya wiki moja hivi kuna mbu wapya. Kumwaga maji peke yake basi hakutoshi. Pipa linasuguliwa ndani kwa brashi ama majani makavu kila wiki, halafu linafunikwa vizuri, hata kwa kitambaa kilichofungwa na kamba.

Siku tatu za kwanza

Mbu aliyebeba virusi akimuuma mtu, siku nne mpaka kumi zinapita bila dalili. Virusi vinaingia kwanza kwenye ngozi, na huko vinakutana na askari wa mwili, zile chembe za kinga zinazolinda ngozi. Kwa kawaida askari hao wakikamata mdudu wanampeleka kwenye tezi ili jeshi lote lipate habari. Virusi vya dengue vinawageuza hao askari kuwa nyumba yao. Vinaingia ndani yao, vinasafiri nao mpaka kwenye tezi, vinazaana humo, kisha vinamwagika katika damu.

Hapo ndipo homa inapanda ghafla, inafika 39 ama 40. Kichwa kinauma, hasa nyuma ya macho. Mgongo, mifupa na viungo vinauma mpaka mtu anashindwa kugeuka kitandani. Wengine wanapata vipele vyekundu, wengine wanatapika. Maumivu hayo yote si virusi peke yao vinavyoyaleta. Sehemu kubwa inatoka kwa mwili wenyewe, ambao unatoa kemikali za kuitana vitani, na kemikali hizo ndizo zinazopandisha homa na kuumiza misuli.

Wengi wanaambukizwa bila kuona lolote, ama wanapata homa ndogo tu. Wanaougua nao wengi wanapona baada ya wiki moja bila dawa maalumu, na dawa ya kuua virusi hivi haiko bado mahali popote duniani. Kama dengue ingeishia hapo, ingekuwa homa mbaya lakini inayopita. Shida inaanza kwa wale wachache ambao kwao vita vya mwili vinavuka mpaka.

Kikapo kinapolegea

Ili kuelewa kinachotokea, inafaa kutazama kazi ya Wagenia wenyewe. Vile vikapo vikubwa vinavyofungwa kwenye miti juu ya maporomoko vinasukwa kwa nafasi ndogondogo. Maji yanapita, samaki anabaki. Mishipa midogo ya damu inafanana na hivyo. Kuta zake zimesukwa na chembe nyembamba zilizoshikana, na kwa ndani zimepakwa utando laini kama utelezi. Damu nayo ina sehemu mbili: chembe, ambazo nyingi ni zile nyekundu, na maji yake ya manjano yenye chumvi na protini, yanayoitwa plazma. Mtu mzima ana damu lita tano hivi, na zaidi ya nusu yake ni plazma. Ukuta ukiwa mzima, plazma kidogo sana ndiyo inayopita kwenda kulisha mwili, na inarudi.

Dengue inalegeza msuko huo. Kwanza, virusi vinapozaana vinamwaga katika damu protini moja, kwa jina NS1, ambayo inaharibu ule utando laini wa ndani ya mishipa. Pili, zile kemikali za vita, zikiwa nyingi kupita kiasi, zinaziambia chembe za ukuta ziachane kidogo. Mwili unafanya hivyo kwa sababu nzuri, kwamba askari wapite waende penye ugonjwa. Tatizo ni kwamba unafanya hivyo mwili mzima kwa wakati mmoja. Nafasi zinapanuka, na plazma inaanza kutoka nje ya mishipa, inajaa kwenye tumbo na kwenye nafasi inayozunguka mapafu. Chembe nyekundu, kama samaki, zinabaki ndani.

Kwa hiyo damu inakuwa nzito. Na hapa watu wengi wanadanganyika. Wanasikia "homa ya kutoa damu", wanadhani mgonjwa wa dengue anakufa kwa kutokwa damu. Wapo wanaokufa hivyo. Lakini wengi wanaokufa hawajatoa damu nyingi nje: wamekauka kwa ndani. Maji ya damu yamekimbia, kilichobaki kwenye mishipa ni kidogo na kizito, na moyo hauna cha kusukuma. Laboratoire ikipima sehemu ya damu ambayo ni chembe nyekundu, kipimo kinachoitwa hematokriti, namba inapanda badala ya kushuka. Kwa mtu anayetoka damu ingeshuka. Kwa mtu wa malaria kali, ambaye chembe zake nyekundu zinapasuliwa na vijidudu, ingeshuka pia. Kwa dengue inapanda, na ikipanda kwa sehemu moja ya tano kuliko kawaida ya mtu huyo, munganga anajua plazma inavuja.

Wakati huohuo zile chembe ndogo za kugandisha damu, ambazo kwenye karatasi ya laboratoire zinaandikwa plaketi, zinapungua. Kawaida mtu ana 150,000 ama zaidi katika tone dogo la milimita moja ya ujazo. Kwa dengue zinaweza kwenda chini ya 100,000, wakati mwingine chini ya 20,000. Uboho unaozitengeneza umelemewa, na zile zilizoko zinaharibiwa na kinga ya mwili yenyewe. Ndipo fizi zinatoa damu wakati wa kusugua meno, pua inatoka damu, vidoa vyekundu vinaonekana kwenye ngozi, na mwanamke anaona hedhi nzito ambayo haikuwa wakati wake. Ini nalo linavimba, na maumivu ya tumbo, hasa upande wa kulia chini ya mbavu, yanaongezeka.

Sasa jambo la saa. Kuvuja huku hakutokei homa ikiwa juu. Kunatokea homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba tangu ugonjwa uanze, na kunadumu siku moja mpaka mbili. Sababu ni kwamba homa inashuka pale kinga inapokuwa imevimaliza virusi vingi katika damu, lakini kelele ya vita iliyoinuliwa kwa kazi hiyo bado iko juu, na kuta za mishipa ndizo zinazolipa. Kwa mgonjwa wa kawaida, homa ikishuka anapata nguvu na hamu ya kula. Kwa yule mwingine homa inashuka lakini nguvu hairudi. Anakuwa baridi mikononi na miguuni, anatapika bila kukoma, tumbo linauma, anakojoa kidogo ama hakojoi kabisa, anahangaika kitandani ama analala sana. Mtu wa nyumbani akigusa paji la uso anasema, "Homa imeisha." Angegusa vidole vya miguu angesema jambo lingine.

Mwili unajitetea kwa kukaza mishipa ya mikono na miguu ili damu iliyobaki ifike kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukaa, kuongea, hata kujibu maswali, wakati amebakiza muda mfupi tu. Tansio nayo inadanganya. Namba ya juu inakataa kushuka, ile ya chini ndiyo inayopanda kuifuata. Mtu anaweza kuwa na 100 kwa 80. Muuguzi mwenye haraka ataona 100 na kusema iko sawa. Anayejua dengue atatazama nafasi kati ya namba mbili, na ikiwa 20 ama chini yake, hasubiri. Baada ya hapo tansio inaporomoka yote kwa mara moja. Hiyo ndiyo shoki, na mtu anaweza kufa ndani ya saa chache.

Kwa nini mara ya pili ni mbaya zaidi

Magonjwa mengi yakimpata mtu mara moja, ya pili yanakuwa mepesi. Surua ukiipata utotoni imekwisha. Dengue inakwenda kinyume, na hilo liliwasumbua waganga miaka mingi.

Virusi vya dengue viko vya aina nne. Mtu akiugua aina ya kwanza anapata kinga ya maisha yake yote dhidi ya aina hiyo, na kinga ya muda tu dhidi ya zile tatu nyingine. Baada ya muda kinga hiyo ya majirani inapungua, na inafika kiwango kibaya: haitoshi kuua, lakini inatosha kushika. Siku aina ya pili ikiingia, kingamwili za zamani zinaikumbuka kidogo, zinaikamata, lakini haziwezi kuiua. Na chembe zile zinazokula uchafu wa mwili zimefundishwa kumeza chochote kilichoshikwa na kingamwili. Zinameza. Sasa virusi viko ndani ya chembe hasa ambamo vinapenda kuzaana. Ni kama mwizi anayeingia kwenye parseli akiwa ameshikwa mkono na mtoto wa nyumba: mbwa habweki. Virusi vinakuwa vingi zaidi, NS1 inakuwa nyingi zaidi, vita inakuwa kubwa zaidi, na mishipa inavuja zaidi.

Aliyeusukuma sana ufafanuzi huu ni Mmarekani Scott Halstead, aliyefanya kazi kwa watoto wa Bangkok, Thailand, katika miaka ya 1960. Ushahidi mkubwa ukatoka Cuba. Kisiwa hicho kilipata dengue aina ya kwanza mwaka wa 1977, watu wengi sana waliugua, lakini kidogo tu. Mwaka wa 1981 ikaingia aina ya pili. Safari hii wagonjwa walikuwa zaidi ya 340,000, na watu 158 walikufa, 101 kati yao watoto. Mwaka wa 1997 aina ya pili ilirudi katika mji wa Santiago de Cuba, na waliougua vibaya walikuwa watu wazima, wale waliokuwa wameishi mlipuko wa 1977. Watoto waliozaliwa nyuma yake hawakuwa na kumbukumbu ya kuwadanganya. Miaka 20 ilikuwa imepita, na mwili ulikuwa haujasahau.

Kuna kundi lingine linaloathirika bila kuwahi kuugua: watoto wachanga. Mama aliyewahi kupata dengue anampa mtoto kingamwili zake kabla hajazaliwa. Miezi ya kwanza zinamlinda. Kadiri mtoto anavyokua zinapungua, na katika nusu ya pili ya mwaka wake wa kwanza zinaweza kufika kile kiwango cha kushika bila kuua. Ndiyo maana mtoto wa miezi minane anaweza kupata dengue kali mara yake ya kwanza.

Si kila mtu wa mara ya pili anaanguka. Wengi hawaanguki. Na kuna wanaopata dengue kali mara ya kwanza, hasa wenye kisukari, wenye ugonjwa wa seli mundu, wazee na wajawazito. Cuba waliona pia kwamba watu wenye asili ya Afrika waliugua vibaya kidogo kuliko weupe, na kwa muda mrefu maneno hayo yalifanya watu waamini kwamba Afrika ina bahati yake. Mwaka wa 2023 Burkina Faso ilihesabu zaidi ya wafu 600 wa dengue. Bahati hiyo basi ina mwisho.

Kwa wakaaji wa mashariki hesabu ni rahisi. Mfanyabiashara wa Kisangani anashuka Kinshasa kwa boti ama kwa ndege. Wa Uvira na Kalemie wanavuka ziwa kwenda Kigoma na kuendelea mpaka Dar es Salaam. Kila njia hiyo inaweza kuleta aina ambayo haikuwepo, mahali ambapo nyingine imeshapita kimya ikiitwa palu.

Kile ambacho sindano inaweza kuharibu

Hapa ndipo jina la ugonjwa linageuka kuwa jambo la uhai. Mtu mwenye maumivu makali ya mifupa anataka kitu cha nguvu. Kwenye farmasi ndogo za avenyu atapata diklofenak, ibuprofen ama aspirini, na sindano ya diklofenak inapendwa kwa sababu inafanya kazi haraka. Dawa hizo tatu zinazuia plaketi kufanya kazi yake na zinakwaruza tumbo la ndani. Kwa mtu ambaye plaketi zake zimeshapungua, zinaweza kuanzisha damu tumboni ambayo haitasimama kirahisi. Sindano ya kwenye msuli peke yake inaweza kuacha donge la damu. Dawa ya homa na maumivu inayokubalika ni paracetamol: mtu mzima kidonge kimoja ama viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara nne kwa siku, kwa sababu ini nalo limeguswa na halihitaji mzigo mwingine. Antibiotiki hazifanyi kitu kwa virusi.

Dawa ya kweli ni maji. Mgonjwa anayeweza kunywa anapewa ya chumvi na sukari ya pakiti, uji mwepesi, supu, maji ya nazi, kidogokidogo mchana kutwa, na familia inatazama kama anakojoa angalau kila saa sita. Aliyeingia kwenye hatari anahitaji seromu hospitalini, na si seromu ya kukisia. Watu wa kwetu wanapenda chupa. Mgonjwa asiyetundikiwa anaonekana hajatibiwa. Lakini katika dengue seromu ni kazi ya kupima, kwa saa, kwa tansio, kwa mkojo, kwa hematokriti. Ikiwa kidogo, shoki inakuja. Ikizidi, inavuja kwenda kwenye mapafu. Tena baada ya siku moja ama mbili kuta zinajifunga, na plazma yote iliyokuwa imekimbilia tumboni inaanza kurudi kwenye mishipa yenyewe. Chupa zikiendelea kuingia wakati huo, mgonjwa aliyeokoka shoki anaweza kuzama kwa ndani. Penye uangalizi huo, dengue kali inaua chini ya mgonjwa mmoja kati ya mia. Bila huo, inaweza kuchukua hata 20 kati ya mia.

Vituo vingi vya afya havina kipimo cha dengue, na jibu kutoka INRB linachukua siku ambazo mgonjwa hana. Lakini mengi ya hapo juu hayahitaji laboratoire kubwa. Kipimo cha malaria kifanywe kwanza, sikuzote, na kikionyesha malaria itibiwe. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kisha kuna swali moja ambalo familia inatakiwa kufika nalo tayari: homa ilianza siku gani? Mama anayeandika tarehe ile kwenye daftari ama kwenye mlango kwa makaa anampa muuguzi habari kubwa, kwa sababu kutoka hapo siku ya tatu mpaka ya saba zinahesabika. Na muuguzi mwenye mashine ya tansio anaweza kuiacha imekaza mkono katikati ya namba mbili kwa dakika tano, halafu atazame ngozi chini yake. Vidoa vyekundu vingi vikitokea, mishipa inasema kitu.

Kuna woga mmoja wa kwetu ambao unachelewesha watu. Katika nchi iliyojua Ebola tangu Yambuku mwaka wa 1976, mgonjwa anayetoka damu kwenye fizi anafichwa. Familia inaogopa kutengwa, inaogopa majirani. Lakini muuguzi akiripoti damu ya namna hiyo kwa zone ya afya, sampuli inachukuliwa na jina linajulikana. Dengue haipiti kwa kumgusa mgonjwa wala kwa kumwosha. Inapita kwa mbu aliyemuuma, ndiyo maana mgonjwa wa homa analazwa chini ya chandarua hata mchana, ili asiwape mbu wa pipa virusi vya kumpelekea jirani.

Chanjo ya homa ya manjano, ambayo watu wengi waliipata baada ya mlipuko wa 2016, haikingi dengue. Chanjo ya dengue yenyewe ipo, na Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwa watoto wa miaka 6 mpaka 16 mahali penye maambukizi mengi, lakini haimo kwenye chanjo za kawaida za watoto wa Congo.

Anayepona anaonekana. Hamu ya kula inarudi, anakojoa sana, na ngozi inapata wekundu wenye visiwa vyeupe unaowasha siku mbili tatu. Baadaye unabaki uchovu, wakati mwingine kwa wiki nyingi. Mvuvi ambaye kizunguzungu bado kinamshika akisimama haraka asirudi kupanda miti juu ya maporomoko; kwa wiki hizo, wenzake wampe kazi ya kusuka vikapo, kivulini, na miguu imefunikwa.